Gari la manyuo (gia za mkono) likisaga unapowasha: tazama meno ya flaiwili kabla ya kununua stata

Ukizungusha ufunguo ukasikia krrrr, chuma kikisaga chuma, jibu utakalopewa haraka Kigoma mjini, uwe Mwanga, Gungu au Ujiji, ni moja: "Stata imekwisha hiyo kaka, kanunue nyingine." Mara nyingi jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomaliza hela ya mwenye gari. Stata ni mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake, na mpya ikifungwa mbele ya flaiwili iliyolika meno, italika na yenyewe. Mtu ananunua stata, analipa ufundi, baada ya muda mfupi sauti ni ile ile, na safari hii ana vitu viwili vibovu badala ya kimoja. Kwa Hiace ya abiria au kirikuu inayobeba dagaa kutoka Kibirizi, hapo kuna hasara ya siku za kazi juu ya hasara ya spea. Ndiyo maana naomba jambo moja: stata isinunuliwe kabla ya mtu kuyaona meno ya flaiwili kwa macho yake, mzunguko mzima.

Tuanze na kinachotokea ufunguo unapozungushwa. Ndani ya kofia ya giaboksi, ganda linaloiunganisha na injini, kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), na ukingoni mwake imevikwa pete yenye meno. Stata nayo ina gia ndogo puani, bendiksi. Solenoidi iliyo mgongoni mwa stata inafanya kazi mbili: inaisukuma bendiksi ikaume meno ya flaiwili, kisha ikifika mwisho inafunga njia ya umeme mkubwa ili mota izunguke. Kuuma kwanza, kuzunguka baadaye. Chochote kinachovuruga mpangilio huo, yawe meno, springi, umeme mdogo au bolti iliyolegea, kinaleta kusaga.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Sauti za kuwasha hazifanani, na watu wengi huziita zote "kusaga". Tak tak tak tak ya haraka, huku taa za dashibodi zikififia, ni betri au vichwa vya betri. Tak moja nzito halafu kimya, mara nyingi ni kopa za ndani ya solenoidi, vipande vinavyopitisha umeme mkubwa, zimelika. Wiiii nyembamba, mota inazunguka bila injini kushtuka, ni bendiksi isiyouma: ama haisukumwi hadi mbele, ama imekufa ndani na inateleza. Krrrr yenye meno ndani yake, ile inayokufanya uachie ufunguo bila kuambiwa, ndiyo tunayoizungumzia.

Halafu angalia inaanza lini na kuisha lini. Kuna inayotokea pale tu unapozungusha ufunguo. Kuna inayokuja injini ikishawaka, au inayobaki baada ya kuachia ufunguo. Na kuna inayobadilika mguu wako unapogusa klachi. Hiyo ya mwisho huwa haihusiani na stata hata kidogo, kwa hiyo nashauri ianze kuchujwa yenyewe.

Tafuta sehemu tambarare, maana mji wetu ni wa vilima na gari lisilo kwenye gia halitaki kusimama. Vuta handibreki, weka mawe kwenye tairi, weka frii (bila gia yoyote). Washa ukiwa umekanyaga klachi hadi mwisho, sikiliza. Zima. Washa tena bila kukanyaga, sikiliza. (Yapo magari yenye swichi kwenye pedali ambayo hayawaki bila klachi kukanyagwa; kwa hayo, washa kwanza kisha achia pedali polepole.) Sauti ikija ukikanyaga na kuisha ukiachia, mtuhumiwa ni rilizi beringi, ile inayosukuma presha pleti ya klachi, au beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki. Ikija ukiwa umeachia na kunyamaza ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi, na hapo anza kwa kupima oili ya giaboksi kabla ya lolote. Isipobadilika kwa vyovyote, rudi kwenye stata na flaiwili.

Leo linasaga, kesho linawaka safi

Dalili hii ndiyo inayochanganya watu kuliko zote, na ndiyo yenye jibu la wazi zaidi. Gari linasaga asubuhi, mchana linawaka mara tano bila tatizo, jioni linasaga tena. Dereva anadhani ni betri, fundi anadhani ni waya. Kumbe ni mahali injini iliposimama.

Injini ikizimwa haisimami popote ipendapo. Mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unaisukuma nyuma mpaka itulie katikati ya pistoni mbili zinazopishana. Injini ya silinda 4 ina sehemu mbili hivi za kutulia, zinazotazamana kwenye duara la flaiwili. Ya silinda 6, kama ile ya Land Cruiser ya dizeli, ina tatu. Kwa hiyo bendiksi inagonga meno yale yale mwaka baada ya mwaka, na meno mengine ya flaiwili hiyo hiyo yanabaki kama yalivyotoka kiwandani. Siku injini ikitulia pembeni kidogo ya sehemu iliyolika, gari linawaka safi kabisa. Siku ikitulia penyewe, krrrr.

Gari la manyuo lina bahati hapa, kwa sababu unaweza kuigeuza injini kwa kulisukuma gari lenyewe. Likisaga, acha ufunguo, uzime kabisa na uuchomoe. Weka gia ya 4, achia klachi, toa handibreki, na watu wawili walisukume mbele kidogo sana. Chukua mfano wa gari ambalo tairi lake likizunguka mara moja linakwenda mita 2 hivi, shafti inayoingia kwenye difu (gia za kwenye ekseli) inazunguka mara 4 kwa tairi mara 1, na gia ya 4 ni moja kwa moja: krenki inamaliza mzunguko mmoja gari likisogea sentimita 50. Robo mzunguko ni sentimita 12 au 13, yaani upana wa kiganja na kidole gumba kikiwa wazi. Ukisukuma sentimita 25 umeipeleka injini ya silinda 4 kwenye sehemu ya pili iliyolika, na utasema jaribio limeshindwa! Sogeza robo tu. Vuta handibreki gari likiwa bado kwenye gia, subiri sekunde chache mgandamizo upungue, ndipo urudishe frii, kwa sababu ukiwahi kutoa gia injini inaweza kujirudisha ilipokuwa. Washa.

Likiwaka bila kusaga, na kesho yake likasaga tena ukarudia na likakubali tena, huna sababu ya kubishana na mtu. Meno ya flaiwili yamelika sehemu hizo. Stata inaweza kuwa nzima.

Thibitisha kwa macho. Toa waya hasi wa betri kwanza, kila mara, kwa sababu waya mnene wa stata hauna fyuzi na spana ikigusa bodi inayeyuka mkononi. Fungua stata, angalia kupitia tundu ilipokuwa. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, kisha mwenzako aizungushe krenki polepole kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, gari likiwa frii, mpaka alama irudi. Jino zima lina ncha iliyokatwa mshazari upande mmoja tu, ule ambao bendiksi inaingilia, na ukucha ukipita juu yake hauna pa kunasa. Jino lililolika limepigwa mpaka theluthi ya kwanza ya urefu wake imekuwa butu, ukingo una vinyweleo vya chuma vinavyokwaruza kidole, na chini yake mara nyingi kuna unga wa chuma unaong'aa ukichanganyika na vumbi la klachi. Hesabu mangapi yameharibika na yako wapi. Yakiwa makundi mawili yanayotazamana, umeshapata ugonjwa.

Yanaharibika kwa nini? Mengi ni uzee tu. Lakini kuna mawili ninayoyaona sana kwenye gari za dizeli za hapa. Moja ni hita za injini, zinazopasha silinda za dizeli kabla ya kuwasha, zilizokufa. Asubuhi ya baridi kule Kasulu au Kibondo injini inashika kidogo, inazima, na dereva anazungusha ufunguo tena wakati flaiwili bado inazunguka. Bendiksi inapigwa na meno yanayokimbia. Injini ikikataa, hesabu polepole mpaka kumi ndipo ujaribu tena, na hita zipimwe. Jingine ni kuwasha injini ambayo tayari inawaka, stendi yenye kelele, muziki umefunguliwa. Kila krrrr ya namna hiyo inaondoa chuma.

Linasaga kila unapowasha

Kama haichagui mahali, umakini uende kwenye stata yenyewe na jinsi ilivyokaa.

Anza na bolti. Stata imefungwa kwa bolti mbili au tatu, na barabara mbovu inazilegeza. Stata ikicheza, bendiksi inaingia imepinda. Ishara yake ni rahisi: pembeni ya kichwa cha bolti kuna chuma kilichong'aa au unga wa kutu mwekundu. Kaza, jaribu. Hii haigharimu kitu na imewahi kumaliza kesi nyingi.

Ukishaitoa stata, shika bendiksi kwa vidole. Inapaswa kuzunguka upande mmoja kwa ulaini na kugoma upande wa pili. Ikizunguka pande zote mbili imekufa, ikigoma pande zote mbili imekufa vilevile. Angalia meno yake: yakiwa yamekuwa butu kwa mbele, yamelingana na hali ya flaiwili, na kimoja hakibadilishwi bila kukitazama kingine. Isukume mbele na uiachie, irudi yenyewe bila kusuasua. Ikinatanata, mara nyingi ni vumbi la klachi lililolowa oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya krenki, au tope la masika lililoingia chini. Safisha shafti kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Usiilowanishe bendiksi nzima, kwa sababu grisi iliyo ndani yake inaoshwa na haina pa kurudishiwa. Na tafadhali usipake grisi nyingi kwenye shafti ukidhani unasaidia. Ikikutana na vumbi letu jekundu inakuwa msasa.

Spea za mtumba zina mtego wake. Stata mbili za gari moja zinaweza kufanana umbo na zikatofautiana meno. Weka ya zamani na mpya pamoja juu ya meza, hesabu meno ya bendiksi, linganisha kipenyo, urefu wa pua na upande inakozungukia. Kwa Canter na baadhi ya Land Cruiser angalia pia volti, maana zipo za 24 na zipo za 12. Na ukiona fundi anatafuta washa (vipete vya bati) za kuweka kati ya stata na kofia ya giaboksi ili "ikae vizuri", muulize kwanza kama ilikuja nazo. Stata nyingi za Toyota zinakaa kwa pua kuingia kwenye tundu lake, na isipokaa basi ama siyo yake ama kuna uchafu au ufa.

Umeme mdogo nao unasagisha

Solenoidi isiyopata nguvu inaisukuma bendiksi nusu, inaiachia, inaisukuma tena. Ncha za meno zinagongana bila kuumana. Betri iliyopumzika usiku inapaswa kusoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Mtu mmoja awashe, mwingine asome mita: stata ikivuta, betri isishuke chini ya 9.6. Kwa gari la volti 24, zidisha mara mbili.

Athi, waya unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha injini na bodi, ndiyo inayosahaulika. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye kichwa cha waya, na nyingine kwenye chuma kisafi cha bloku. Mwenzako awashe. Usomaji uwe karibu na sifuri. Ukipita nusu volti, waya wa athi una tatizo. Magari yanayobeba chumvi kutoka Uvinza yaangaliwe hapa kabla ya pengine popote, kwa sababu chumvi inayodondoka inakula kopa ndani ya ganda la waya, na kwa nje unaona waya mzima.

Injini imewaka na sauti haiachi

Hii ni ya haraka, usiifikirie ukiwa umeliacha gari linawaka. Bendiksi imebaki imeuma. Kama bendiksi ina meno 10 na flaiwili ina 110, injini ikizunguka mara 750 kwa dakika pale palipo taratibu, bendiksi inazungushwa mara 8,250. Zima mara moja. Ikiwa umezima na stata bado inazunguka, kopa za solenoidi zimegandana. Toa waya wa betri kabla haujatoka moshi. Sababu nyingine ni springi ya kurudisha iliyovunjika, bendiksi inayonata, au swichi ya ufunguo isiyorudi. Jaribu hiyo ya mwisho kwa mkono: washa, achia ufunguo, kisha uurudishe nyuma kidogo mwenyewe. Sauti ikikatika, stata yako haina kosa, badilisha swichi.

Mkwaruzo mwepesi unaoanza injini inapowaka na kuongezeka ukikanyaga mafuta, hasa baada ya safari ya barabara ya mawe, huenda ni bati la kukinga vumbi nyuma ya flaiwili. Limegongwa, limejikunja, linagusa. Lala chini na tochi, utaona mstari uliong'aa. Linanyooshwa kwa bisibisi ndefu, na kazi imekwisha.

Meno yamelika kweli: kazi ya kufanya

Hapa giaboksi inashuka, hakuna njia ya mkato. Klachi inatoka, flaiwili inatoka. Pete ya meno imevikwa kwa moto, kwa hiyo inatolewa kwa moto na kurudishwa kwa moto. Pete mpya ikipatikana, ivae hiyo. Isipopatikana, kuna njia ya zamani ambayo naiunga mkono: itoe pete ile ile, izungushe juu ya flaiwili, uivike upya. Kwa silinda 4 izungushe robo, kwa silinda 6 izungushe moja ya sita, na meno mazima yatakaa pale injini inapotulia. Ipashwe taratibu kuizunguka yote hadi nyuzi 200 hivi. Chuma kikianza kugeuka bluu umezidisha, ugumu wa meno umeondoka na yatalika upesi. Ncha zilizokatwa mshazari zielekee upande stata inakotokea. Ikivikwa kinyume utarudi kuifungua. Kulehemu meno yaliyovunjika sikushauri. Nafasi kati ya jino na jino haitoki sawa, na jino likivunjika ndani ya kofia linasafiri na kila kitu.

Giaboksi ikiwa chini, zungusha rilizi beringi kwa mkono, ikikwaruza ibadilishe. Tazama klachi pleti na sili ya nyuma ya krenki. Kulipa ufundi wa kushusha giaboksi mara mbili kwa sababu ya sili ni hasara inayoepukika.

Kama hela ya kazi hiyo haijapatikana leo, tumia ule mtindo wa kusogeza robo kila linaposaga, wala usishikilie ufunguo krrrr ikiendelea. Wengi wetu hapa tunapaki mteremkoni na kuwasha kwa kuteremka, gia ya 2, ufunguo ukiwa wazi ili usukani usijifunge. Inasaidia, lakini injini ikiwa imezima breki hazina msaada na usukani wa pawa unakuwa mzito. Kabla ya kuliachia, kanyaga breki mara moja ujue ugumu wake, na usijaribu kwenye mteremko unaoshukia sokoni, njia panda au ziwani.